Mama Ameomba Mwenyewe

Ermelinda aliporudi kutoka Montreal kwa dada yake, hata viatu vya safari hakuvua. Alikata sebule moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa ngazi ya kushuka chini, kwapani ana furushi la majani ya viungo, moyoni ana hamu ya kitu kimoja tu: kuwasha jiko lake, kubandika maji ya tambi, na kukaa akayasikiliza yakichemka. Alikuwa amechoka kupikiwa. Dada yake yule anatia chumvi kwa mkono wa mtu anayenyunyiza dawa ya mende.

"Mama, ngoja kwanza!" Renzo, mwanawe, akamkimbilia kwa nyuma. "Funga macho!"

"Nifunge macho kwenye ngazi? Una haraka gani na mazishi yangu?"

"Funga tu, Mama. Tumekuandalia kitu."

Akafunga moja. La pili aliliacha wazi kidogo, maana mtoto uliyemzaa mwenyewe unamjua. Nyuma ya Renzo akaja mkewe, Heather, na nyuma ya Heather wajukuu, Livia na Nolan, wanacheka na kusukumana. Wakashuka wote kwa vifijo, utadhani wanampeleka bibi harusi.

Huko chini zikawashwa taa nyingi, nyeupe, za kuumiza macho.

"Haya, tazama!"

Ermelinda akatazama. Jiko lake la oveni mbili halipo. Ile meza ndefu aliyoiunda marehemu mumewe, Nunziato, ambayo ukoo mzima ulikuwa unaenea bila kugongana viwiko, haipo. Sinki la zege, ambalo ungeweza kumwogeshea mbuzi akabaki na nafasi ya kugeuka, limefunikwa ubao na kupakwa rangi ya samawati. Sakafu ya vigae, ile ukimwaga kitu unaipiga maji na kazi imekwisha, imelazwa zulia la manyoya. Palipokuwa na jiko pamesimama mteremko wa plastiki wa watoto kuteleza. Na ile stoo ya baridi, chumba cha soseji na divai na chupa za nyanya, imechorwa upinde wa mvua mlangoni, na ndani imejazwa vimpira vya plastiki vya kila rangi mpaka usawa wa magoti.

"Chumba cha michezo cha familia!" Heather akapiga makofi, machozi ya furaha yamemlenga. "Mama, sasa umepumzika. Hutashinda tena kwenye shimo hili. Kuanzia leo utapika juu, kwenye mwanga, kwenye jiko zuri. Kama malkia!"

Ukutani kulikuwa na televisheni kubwa kama mlango wa gereji, na mbele yake makochi ya ngozi yenye matundu ya kuwekea bia. Ermelinda akayatazama matundu yale. Akamtazama Nolan, ambaye bado anakunywa maziwa kwa kikombe cha watoto chenye mdomo. Akamtazama Renzo. Renzo akatazama dari.

"Pazuri," akasema Ermelinda, na akatabasamu.

Renzo angekuwa na akili angeanza kutetemeka hapo hapo. Tabasamu lile baba yake aliliogopa kuliko radi. Mara ya mwisho lilipoonekana alikuwa amepewa jirani aliyekata tawi la mtini wao kwa sababu limevuka ua. Jirani yule aliuza nyumba akahamia kwa binti yake, na mpaka leo haieleweki vizuri alichofanywa.

Sasa utasema, bibi analia nini, na jiko jingine lipo juu, tena zuri zaidi? Hilo ndilo kosa alilofanya Heather, na alikuwa na udhuru. Kwao Saskatchewan, kwenye mashamba ya ngano, nyumba ina jiko moja na watu wanapikia humo humo, maskini. Lakini kwa Waitaliano wa mji wa Hamilton, hapa Kanada, wale waliojenga nyumba zao kwa mikono yao, majiko ni mawili. La juu ni la heshima. Padri akija anakaribishwa hapo, anapewa kahawa iliyochemshiwa chini. La chini ndilo la kupikia. Oveni ya juu ya Ermelinda ilikuwa bado na nailoni ya dukani mlangoni, na kitabu chake cha maelekezo kilikuwa ndani yake hakijafunguliwa tangu Renzo alipokuwa na chunusi. Kumwambia Ermelinda apike juu ni sawa na kumwambia akalale altareni.

Tena huko chini ndiko Nunziato alikokaa miezi yake ya mwisho, mgongo kwenye joto la oveni, akimenya vitunguu saumu kwa vidole ambavyo havikuweza tena kushika mwiko wa mwashi. Alikuwa akimenya vibaya, anaacha maganda. Ermelinda alikuwa akiyatoa maganda mumewe asione.

Nyumba ilikuwa yake, angeweza kupiga kelele. Lakini angepiga kelele Heather angelia, Renzo angenuna, wangefungasha wakaondoka na wajukuu, na nyumba ingerudi kuwa kimya kama ilivyokuwa kabla hawajahamia. Wajukuu aliwataka. Jiko alilitaka. Na kisasi, Mungu amsamehe, alikitaka kwa roho yake yote.

Asubuhi yake akatoka uani kumtafuta jirani yake Assunta, mjane mwenzake, aliyekuwa anafunga miche ya nyanya upande wa pili wa ua.

"Shoga, wamening'oa."

"Wamekung'oa nini, jino?"

"Jiko."

Assunta akapiga ishara ya msalaba. "La chini?"

"La juu wangeling'oa mimi ningejua saa ngapi?"

"Nani kafanya? Yule mkwe?"

"Nani mwingine! Ananitabasamia huku ananifukia. 'Utapika juu, Mama, kama malkia.'"

"Lo! Na wewe utamfanyaje? Utamtimua?"

"Nimtimue kwa kosa gani? Mimi mtu mtiifu. Kaniambia nipike juu, nitapika juu."

Assunta akamkodolea. Halafu ikamwingia. Akashika ua kwa mikono miwili akacheka mpaka meno yake ya bandia yakamtoka mahali pake. "Juu! Na yale mapazia meupe!"

"Nitaanza na pilipili za kukaanga," akasema Ermelinda. "Nisimshtue."

Akaanza na pilipili. Ile nailoni ya oveni aliichana taratibu, kwa raha zake. Mafuta yakaruka mpaka kwenye makabati ya vioo, king'ora cha moshi kikalia, naye akakivisha kofia ya kuogea ya Heather kikanyamaza. Baadaye akaleta samaki wa chumvi, wale wakavu kama mbao, akawaloweka kwenye bakuli la kioo ambalo Heather alizawadiwa harusini. Ukaja utumbo wa ng'ombe. Huo aliuchemsha madirisha yote yakiwa yamefungwa, katikati ya Agosti, jasho linamchuruzika, akidai anaogopa kupata baridi ya kifua.

Heather alikuwa akifanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno. Mgonjwa mmoja, amelala kitini mdomo wazi, aliuliza kama kuna mtu anakaanga dagaa humo ndani.

"Mama," Heather akasema jioni ile, kwa upole, "labda tufungue dirisha kidogo?"

"Fungua, mwanangu, fungua. Mwenye nyumba wewe."

"Na si lazima ukaange kila siku, Mama. Tunaweza kula hata saladi."

"Jiko zuri hivi nisilitumie? Watu watasema sina shukrani."

Heather akachukua brashi akasugua makabati. Ermelinda akakaa chumbani anaisikiliza ile brashi inavyokwaruza, shwa, shwa, akaona ni muziki mtamu.

Kitu kimoja tu kilimkera. Renzo hakuumia hata kidogo. Alikuwa akipanda, anajaza sahani, anamega mkate, anashuka zake kwenye televisheni. Siku moja akamgonga mama yake bega akasema, "Mama, tangu uhamie juu chakula kinanoga zaidi!"

Wajukuu vimpira viliwachosha mapema. Wakawa wanapanda kumzonga bibi yao wakitaka unga wa kukanda, lakini juu hakuna meza ya kukandia, kuna kile kimeza cha kioo cha kuwekea maua.

"Bibi, chini si ulikuwa unatupa unga?" Livia akalalamika.

"Kachezeni kwenye vimpira vyenu."

"Baba anatufukuza. Anasema tunamziba."

Ermelinda alilisikia neno hilo, lakini hasira yake ilikuwa imeshapangiwa mtu. Hakulifanyia kazi.

Zikaingia siku za nyanya. Mwisho wa Agosti, katika mitaa ile, kila familia ya Kitaliano inatengeneza sosi ya nyanya ya mwaka mzima, na kununua ya dukani ni dhambi iliyo karibu sana na uzinzi. Mwenye lori la shamba akaja na makreti yake, akayazungushia gereji kama miaka yote. Ermelinda akamsimamisha.

"Leo sebuleni."

"Sebuleni, Mama Renzo? Hapa kwenye kochi jeupe?"

"Kochi lina kazi gani nyingine? Weka!"

Akachukua sufuria kubwa kuliko zote, akaijaza, akaibandika kwenye jiko la juu na kuwasha moto wote. Nyanya zikinoga huwa zinatema. Zikatema. Zikatema ukutani, kwenye mapazia, kwenye dari, matone mekundu yakaning'inia kwenye taa. Ermelinda akasimama katikati na mwiko, anakoroga na kuimba.

Heather akaingia kutoka kazini. Akayaona makreti kwenye kochi. Akafika mlangoni pa jiko, akainua macho kwenye dari. Akatafuta mahali pa kukaa, hakuna, akakaa sakafuni na mkoba wake na viatu vyake vya ofisini, akaanza kulia.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Wewe? Hujanikosea kitu. Uliniambia nipike juu."

"Si ni kwa sababu uliomba!"

Mwiko ukasimama. "Niliomba nini?"

"Kutolewa chini! Renzo alinieleza. Alisema umemwomba mwenyewe ila unaona haya kuniambia mimi. Magoti yako, zile ngazi. Mama, mimi nilisema lile jiko libaki! Nilichora hadi picha. Michezo ya watoto iwe pembeni, jiko hapa, meza hapa, wacheze huku bibi yao anapika. Yeye akasema hapana, Mama hataki hata kuliona. Linamkumbusha Baba. Kila akilitazama analia."

Ermelinda akazima moto.

"Alimtaja baba yake?"

"Ndiyo, Mama."

"Linanikumbusha kweli," akasema Ermelinda. "Ndiyo maana nilikuwa nakaa pale."

Heather akaziba mdomo kwa mkono. Ermelinda akajikunja, magoti yakalia, akaketi sakafuni karibu yake. Akashika pindo la aproni akampangusa mkwe wake machozi, akamwachia mstari mwekundu shavu zima.

"Mwanangu, mimi nimekupikia utumbo."

"Najua, Mama."

"Na madirisha nilifunga makusudi."

"Najua. Ulikuwa unatoka jasho."

"Na kofia yako ya kuogea..."

"Nimenunua nyingine. Ile bado inanuka pilipili?"

"Inanuka."

Wakacheka, kila mmoja akijaribu kunyamaza kwanza asionekane amemsamehe mwenzake haraka. Kisha Ermelinda akajifuta pua.

"Jumatatu hii ya kwanza ya Septemba ni Sikukuu ya Wafanyakazi. Renzo anaalika nani kwenye hicho chumba cha watoto?"

"Wenzake. Silvano, Carmine, wote wale. Kuna mechi na Toronto, ule mpira wao wa kubeba mikononi. Ameniambia niwatoe watoto nje mchana kutwa."

"Silvano. Carmine," akarudia Ermelinda, anayaonja majina. "Wote hao wana mama zao."

Akatabasamu. Heather alishaliona tabasamu lile wiki zote hizo bila kulielewa. Leo, kwa kuwa halikumwelekea yeye, aliliona linapendeza.

Jumatatu mchana wanaume wakajaa chini. Ni watu wazima, wengine wana mvi, wengine matumbo yamewatangulia. Bia ziko kwenye matundu yake. Timu ya Hamilton ilikuwa nyuma kidogo lakini ina matumaini. Renzo amevaa jezi mpya, miguu ameitupa juu.

"Mnaona mambo haya?" akawauliza. "Hakuna mke, hakuna mama. Raha mustarehe."

Mlango wa pembeni, ule wa kuingilia kutoka uani, ukafunguka. Aliyeingia kwanza ni Assunta, mama yake Silvano, amejifunga kitambaa kichwani na mikono ya gauni ameikunja. Nyuma yake akaingia Rosaria, mama yake Carmine, na beseni ubavuni. Wakafuatia wengine, kila mtu na sufuria yake, na makreti wakiyasukuma kwa miguu. Mwisho kabisa akaingia Ermelinda, na Heather akiwa amembebea mashine ya kukamulia nyanya.

"Mama?" Silvano akachomeka bia chini ya mto. Umri wake ule! "Umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimekuja kucheza," akasema Assunta. "Si chumba cha michezo? Si cha familia? Sogeza miguu."

"Mama, jamani," Renzo akasimama, "leo kweli? Nyanya si mnafanyia gereji?"

"Gereji ina giza, mwanangu," akasema Ermelinda. "Hapa umetuwekea taa kama za hospitali. Nimetembea ulimwengu sijaona taa nzuri za kumenyea kama hizi."

"Lakini zulia, Mama!"

"Lina ubaya gani? Litanyonya."

Kreti la kwanza likapinduliwa hapo hapo. Renzo akatoa sauti ndogo ya mtu aliyekanyagwa kidole.

"Soketi iko wapi?" akauliza Heather, sauti ya upole ile ile, ameshika waya wa mashine. Alijua fika. Renzo alipopigilia mbao mpya ukutani aliziba soketi zote, akaacha moja tu, ya televisheni. Wakati huo mchezaji wa Hamilton alikuwa ameukumbatia mpira anatimka mbio kuelekea mstari, hakuna mtu mbele yake, na wanaume wote wameinuka, mikono juu, midomo wazi.

Ermelinda akachomoa.

Kioo kikawa cheusi. Wanaume wale walitoa mlio wa ng'ombe walionyimwa maji.

"Mama!"

"Abee, mwanangu."

"Alikuwa anafunga!"

"Atafunga tu, kwani ananingoja mimi? Yeye ana kazi yake na nyie mna yenu. Visu ni hivi."

Hakuna aliyethubutu kukataa. Carmine ni sajini wa polisi, amewahi kumkamata mtu mwenye bastola, lakini mama yake alipomtupia aproni ya maua maua aliivaa na kuifunga kwa nyuma mwenyewe. Wakakaa kwenye makochi ya ngozi, mabeseni magotini, wakaanza kukata. Mashine ikaunguruma, maji ya nyanya yakatiririka kwenye yale matundu ya bia.

"Sasa swali," akasema Ermelinda, katikati ya chumba, amejishika kiuno. "Hii sosi tunachemshia wapi? Hapa palikuwa na jiko."

Wanawake wakageuka. Wanaume wakainamia mabeseni.

"Renzo. Jiko la baba yako liko wapi?"

"Mama, tutaongea baadaye. Mimi na wewe."

"Kwa nini baadaye? Hawa si familia?"

Renzo akajifanya anatafuta kisu. Lakini Silvano alikuwa anakata nyanya yake kwa uangalifu mno, vipande vyembamba vya kuonyesha mwanga, na Assunta aliijua ile namna ya mwanawe ya kushughulika.

"Silvano."

"Nakata nyanya, Mama."

"Nitazame usoni."

"Nitajikata, Mama."

"Lile jiko la oveni mbili kwenye banda lako kule ziwani, unalochemshia mahindi. Ukaniambia ni la mtu aliyehama. Nikasema mbona naujua mlango wake, ukasema majiko yote yanafanana. Silvano!"

"Mimi sikuiba!" Silvano akaruka, beseni likamwagika. "Renzo ndiye alinipa! Alisema Mama Renzo ameomba mwenyewe litolewe! Alisema likikaa hapa linamliza kwa ajili ya marehemu!"

Mashine ilikuwa inaunguruma bado. Rosaria akainama akaizima.

Wanawake wale karibu wote ni wajane. Kila mmoja anacho kitu chake nyumbani, kiti, koti, redio mbovu, ambacho watoto wanamwambia akitupe. Wakamtazama Renzo. Halafu kila mmoja akamtazama wa kwake, kwa tahadhari tu.

"Kumbe umewahi kuomba, shoga?" akauliza Rosaria.

"Hata chumvi sijaomba."

Nyanya ya kwanza ilitoka kwa Assunta na kumpata Renzo kifuani, kwenye jezi mpya. Ya pili ikampata sikioni. Zikaja nyingine nyingi, lakini zote zilikuwa zile zilizooza upande mmoja, maana wanawake wale hawawezi kuharibu nyanya nzima, hata kwa adui. Renzo akarudi nyuma, akateleza kwenye zulia, akaangukia ndani ya stoo ya baridi, kwenye vimpira. Akabaki kichwa nje.

"Nilitaka mahali pangu tu!" akalia kutoka humo. "Kila kona ya nyumba hii ni ya mtu. Nilitaka mahali pa kukaa!"

Ermelinda akaenda akasimama mlangoni, kwenye ule upinde wa mvua.

"Ungesema. Ungekuja ukasema, 'Mama, naomba.' Ningekupa gereji. Ningekupa chumba changu cha kulala, mimi nikalala na Livia. Mdomo wa kuniombea mimi nisichokitaka umeupata, ukamfufua na baba yako akusaidie kudanganya. Mdomo wa kujiombea mwenyewe ulikuwa wapi?"

Renzo akajaribu kuinuka, vimpira vikamrudisha chini. Kimpira cha njano kikamwangukia kichwani.

"Silvano," akasema Assunta, "washa pikapu."

Silvano akaondoka, na Carmine akaenda naye kusaidia kubeba, mbiombio, bila kukumbuka kuvua aproni ya maua. Kesho yake jiko likarudi. Meza ilionekana gereji, imelundikiwa makopo ya rangi. Renzo akaisugua mwenyewe, na mama yake akamtolea kiti akakaa kumtazama. Zulia lilikunjwa likatupwa, jekundu, zito kama maiti. Mteremko wa plastiki ukabaki, pembeni, pale pale Heather alipouchora kwenye picha yake, na wajukuu wakawa wanateleza kutoka juu wanatua karibu na meza, mikono yao imejaa unga. Sosi ikachemshwa, ikatiwa majani ya rihani, ikafungwa kwenye chupa, na chupa zikapangwa kwenye stoo ya baridi. Ufunguo wa stoo akavishwa Heather shingoni.

Televisheni nayo haikutupwa. Ilipandishwa juu, kwenye jiko la heshima, ikawekwa kati ya makabati ya vioo. Viti vya hapo Ermelinda alivivisha nailoni upya. Bia marufuku, miguu juu marufuku, makombo marufuku. Renzo akawa anatazama mechi amenyooka, magoti pamoja, na kila akijitikisa nailoni inamlilia makalioni.

Jumapili ya kwanza harufu ya sosi ikapanda ngazi ikamkuta huko huko. Akashuka. Mezani walikuwapo Heather, wajukuu, na Assunta, ambaye hakualikwa lakini hangekubali kukosa.

"Chakula tayari?" akauliza Renzo.

Watu wanapitishiana mkate.

"Heather?"

"Mwombe Mama," akasema mkewe, bila kuinua uso.

Renzo akakohoa. "Mama, naomba chakula."

"Nani anaongea?" Ermelinda akamuuliza Assunta. "Shoga, wewe umesikia mtu?"

"Sijui, labda panya."

"Sema kwa nguvu, Baba!" akapiga kelele Nolan, mdomo mwekundu.

"MAMA, NAOMBA CHAKULA!"

"Ala! Kumbe ni wewe, mwanangu. Kaa, kaa." Ermelinda akainuka na sahani. Akampakulia tambi, mlima mzima, akaziweka mbele yake. Zilikuwa nyeupe, kavu, zinang'aa kwa maji tu.

Renzo akazitazama. Akaitazama sahani ya Assunta, inayoelea kwenye sosi.

"Na sosi, Mama?"

"Sosi hukuomba," akasema Ermelinda, na akaketi kula.